Gari Asilolitaja Mbonigaba

Ukifika Kingi ukauliza fundi wa magari, utaonyeshwa nyumba ya mbao yenye bati jeusi, kando ya barabara inayopanda kuelekea Masisi centre. Ukikaribia, sauti ya nyundo itakumalizia safari. Mwenye nyundo ni Mbonigaba. Ana miaka hamsini na minne, na bega lake la kuume limeshuka kidogo kwa sababu amelala chini ya magari tangu ujana wake. Wateja wake wanamjua kwa jambo moja: hawezi kutengeneza gari bila kulilinganisha na gari lingine.

Watu huja kwake hata wakati hawana gari bovu. Papa, yaani baba mwenye familia, akitaka kununua gari, anapita kwanza kwa Mbonigaba. Mbonigaba anamuuliza barabara gani na mzigo gani, halafu anajifuta mikono na kuanza. Kwake kila aina ya gari ina sura na ina roho, na ni nadra vitu hivyo viwili kukaa nyumba moja.

"Land Cruiser ile ya zamani," husema, "angalia uso yake. Kama sanduku ya misumari. Lakini ipeleke Walikale, iogeshe matope mpaka kwa vioo, kesho asubuhi unaigusa tu, inaitika. Hilux iko kama kijana wa kwaya, amevaa vizuri na kazi anafanya. Patrol iko na mabega. Fuso haina haya, inabeba tu."

Akina papa wanacheka, wanauliza zaidi, na yeye anaendelea mpaka mvua inyeshe.

Lakini kuna aina moja ambayo hataji. Mtu akiitaja mbele yake, anainama na kutafuta ufunguo ambao haukupotea, kisha anasema, "Hiyo uliza muntu mwingine." Gari la aina hiyo likiletwa bovu, analitengeneza, tena vizuri, lakini analiita "hii" tu. Na kwa haki huwa anaongeza kwamba waliolitengeneza kule kiwandani hawana kosa lolote. Mimi ni jirani yake, nafundisha shule ya msingi hapa Kingi. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajanieleza sababu, na alinieleza kwa vipande, mara nyingine akiwa chini ya gari, nikiona viatu vyake tu.

Sababu ni mtu aliyeitwa Floribert.

Floribert alikuwa mtu wa Buleusa, kule Walikale. Alikuwa akiuza mafuta ya mawese. Alianza kwa kubeba madumu, yaani bidoni, mgongoni, akapata baiskeli, akapata pikipiki, na pikipiki hiyo ndiyo iliyomfia mbele ya garage ya Mbonigaba siku moja ya mvua. Kuanzia siku hiyo kila safari alilala kwa Mbonigaba. Alikuja na ndizi na nyama ya nungu iliyokaushwa, na Emérita, mke wa Mbonigaba, alimrudisha na jibini zetu za Masisi. Miaka saba ilipita hivyo. Watoto wa nyumba walimwita baba mdogo.

Mwaka 2021 Floribert alikuwa tayari kununua gari. Pale Masisi centre yalikuwepo mawili ya kuuzwa. La kwanza lilikuwa Land Cruiser ya mission ya mapadri, yenye rangi ya uji, mlango mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. La pili ndilo lile ambalo Mbonigaba hataji. Mwenye gari hilo alikuwa amelipandisha milima bila maji mpaka injini ikaiva kama kiazi, akalileta Kingi ili litengenezwe kabla ya kuuzwa.

Mbonigaba alilifanyia kazi wiki tatu. Aliifungua injini na kukuta kile kifuniko chake kizito cha juu, ambacho mafundi wanakiita culasse, kimepasuka. Alikichomelea, akakisugua mpaka kikalala sawa, na pembeni mwa mchomeleo akapiga herufi M kwa patasi, kama alivyozoea kuweka alama kwenye kazi ngumu. Pale injini inapovuta hewa palibaki nafasi nyembamba kama unywele. Ndiyo sababu gari lile lilikuwa na mluzi. Dereva alipotoka gia ya pili, vitesi kama tunavyoiita, kuingia ya tatu lilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta hewa katikati ya meno.

Halafu alilipaka rangi. Hakuwahi kupaka gari zima kabla ya hapo. Alichanganya bluu yake mwenyewe, akalifunika kwa mashuka ya harusi ya Emérita ili vumbi lisiguse, na Emérita hakumsemesha siku mbili. Siku alipolitoa juani, watoto wa shule walikimbia kwenda kuliangalia. Mimi nilikuwa mwalimu wao. Nilitoka pamoja nao.

Floribert alilizunguka mara mbili.

"Papa Mbonigaba," aliuliza, "ungekuwa wewe, ungechukua gani?"

"Ile ya mission iko na roho."

"Na hii?"

"Hii iko na sura."

"Roho yake je?"

Mbonigaba aliona uso wake mwenyewe ndani ya mlango wa bluu. "Nimeitengeneza na mikono yangu," alisema.

"Itafika Buleusa?"

"Itafika."

Floribert alicheka, akaweka kiganja juu ya kapo, kile kifuniko cha injini. "Nimebeba bidoni na mugongo miaka kumi na tano. Watu wa kwetu wananijua na jasho tu. Acha na mimi nikuje na kitu kizuri."

Mbonigaba ananiambia kwamba hakusema uongo. Gari lilikuwa linaweza kufika. Lakini fundi aliyefungua injini iliyoiva anajua kitu ambacho mnunuzi hajui. Injini hiyo ikipakiwa mzigo mkubwa, kwenye mlima mrefu, siku ya joto, itakumbuka. Alipaswa kusema, "Chukua ile ya mission." Kama si hivyo, alipaswa kusema, "Usipakie sana, na simama kila kilima utazame maji." Hakusema lolote kati ya hayo, kwa sababu alitaka ile bluu ipite Masisi yote mpaka Walikale, na watu waulize nani aliyeipaka.

Na kweli waliuliza. Kwa miaka miwili gari lile lilikuwa bwana harusi wa barabara ile. Mabibi harusi wa Nyabiondo walilitaka. Watoto wa Pinga walikimbia nyuma yake wakijiangalia ndani ya rangi. Na hapa Kingi, Emérita alikuwa akisikia ule mluzi likiwa bado chini bondeni, anaweka maji ya ugali motoni. Maji yalipochemka, Floribert alikuwa mlangoni.

Mwisho wa mwaka 2023 vita vilisogea tena. Watu walianza kushuka kutoka upande wa Pinga na magodoro na mbuzi, na kati yao alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Victorine. Alipewa chumba kwa jirani. Siku moja alikuja garage kuomba moto wa kupikia, akaona chupa ya rangi ya bluu kwenye rafu, akasimama.

"Hii rangi," alisema, "nilipanda ndani ya gari ya hii rangi."

Mbonigaba alimpa kiti.

Victorine alieleza kwamba walikuwa kumi na mmoja ndani ya gari, na magunia juu, wakitoka soko. Kwenye mlima mrefu wa msituni injini ilianza kutoa mvuke, ikasimama. Floribert aliwaambia wangoje ipoe, akatuma watu wawili kutafuta maji. Kabla hawajarudi, walisikia risasi nyuma yao, mbali, halafu si mbali. Ikatokea pikapu kuukuu iliyojaa watu. Dereva wake alisimama kidogo tu, akachukua wanawake na watoto, wanaume wakaning'inia pembeni.

"Tulimuita," Victorine alisema. "Tulimuita kwa jina. Alisema tuende, ikipoa atatufuata. Nilimuangalia mpaka kona. Alikuwa anapangusa kapo na kitambaa. Papa, risasi zinalia, na yeye anapangusa."

Hakuna aliyemwona tena Floribert. Hakuonekana kambini, hakuonekana hospitali, hakuonekana kati ya waliozikwa.

Mbonigaba alimpa Victorine makaa ya moto kwenye bati, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi kazini. Hakumwambia Emérita siku hiyo wala wiki hiyo. Alipomwambia, alimwambia kwamba Floribert amepotea. Habari ya culasse hakuisema.

Miezi minane ilipita. Siku moja mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya maharagwe, Mbonigaba alikuwa chini ya Fuso akifanya vidange, kumwaga mafuta machafu ya injini. Alisikia mluzi. Injini ilikuwa inapanda kutoka bondeni, ya pili, halafu ile hewa katikati ya meno, halafu ya tatu.

Alitoka akiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko, akasimama katikati ya barabara. Ukungu ulikuwa mweupe kila upande. Sauti ilipita chini yake, ikazunguka kama inayotafuta njia, ikafifia. Hakuna gari lililotokea.

Emérita alisimama mlangoni. "Unangojea nani?"

"Hapana muntu. Nimesikia pikipiki."

Aligeuka kuingia ndani, akaona mkewe ameshika sufuria ya ugali ambayo hakuna aliyemwagiza aiteleke. Walitazamana. Emérita naye alikuwa amesikia, na mkono wake ulikuwa umefanya kazi yake wenyewe.

Baada ya siku hiyo mluzi ulirudi mara nyingi. Ulikuja mchana, wakati wa ukungu na wakati wa jua, daima chini, upande ule ambao kilima kinaficha bonde. Mbonigaba akawa mtu wa kukatika maneno. Mteja anamwuliza kati ya Hilux na Patrol ipi bora, anaanza kujibu, ananyamaza, anatega sikio. Alipungua mwili. Alianza kuacha boliti bila kukaza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mtu aliyekufa bila kuzikwa hatulii, na kwamba yule rafiki yake wa Walikale anamtafuta. Emérita alimwita katekista, wakasali rozari nzima garage, kati ya matairi. Wiki iliyofuata mluzi ulipita kama kawaida.

Siku hiyo Emérita alikaa mbele yake. "Kama anakuita, niambie kwa nini anakuita wewe. Mimi njo nilimpikia. Mbona haniite mimi?"

Ndipo Mbonigaba alipomweleza yote, kuhusu injini iliyoiva, mchomeleo, swali la Floribert na jibu lake.

Emérita alisema, "Hayo maneno si yangu kusikia. Iko mwenyewe wa kuyasikia, na anakaa Buleusa."

Njia ilipofunguka kidogo, Mbonigaba alipanda pikipiki mpaka Pinga, akalala huko, akaendelea mbele kwa pikipiki nyingine na kwa miguu. Yeye ni mtu wa vilima vilivyo wazi, wa malisho na upepo. Msitu ulimwelemea. Ananiambia kwamba kila mara maji yalipodondoka kutoka juu ya miti alidhani mtu anagonga chuma.

Léontine, mke wa Floribert, alikuwa uani akimenya mihogo. Hawakuwa wamewahi kuonana, lakini alimtambua kwa lile bega.

"Karibu, Papa Mbonigaba. Nilikuwa najua utafika siku moja."

"Mama Léontine, nimekuja na neno baya."

"Neno baya lilishafika. Kaa."

Alikaa. Alimweleza kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Léontine hakuacha kumenya. Mbonigaba alipofika pale aliposema "Itafika," kisu kilisimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilimuambia anunue ile ingine," Léontine alisema. "Nilimuambia, hii ya sura itatuletea macho ya watu. Akasema, Mbonigaba ameishika, Mbonigaba anajua. Mimi hakunisikia. Wewe angekusikia."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alimpikia, akamwekea chakula chini ya baraza, akaenda kula jikoni na watoto. Mbonigaba anasema alitamani atukanwe.

Asubuhi Léontine alikuja na shemeji yake, Hubert, mdogo wa Floribert, mwindaji, mtu wa maneno machache. "Hapa kwetu," Léontine alisema, "muntu haachwi njiani. Wazee wa familia wanataka kitu chake cha kuzika. Nguo tulizonazo zote zimefuliwa. Wanataka kitu chenye jasho yake. Hubert anajua mahali gari iko. Wewe unajua kuifungua. Wendeni."

Walitembea siku nzima, wakalala kwenye kibanda cha shamba, wakafika kesho yake saa nne. Gari lilikuwa limesukumwa nje ya njia, likaegemea mti. Matairi hayakuwepo, viti havikuwepo, vioo havikuwepo. Majani yalikuwa yameingia dirisha moja na kutokea la pili. Lakini Hubert alipofuta mlango kwa kiganja, bluu ilitokea nzima, inang'aa, haina hata mkwaruzo wa kutu. Mbonigaba aliiona sura yake mle ndani, na nyuma yake miti. Alitazama nyuma haraka. Kulikuwa na miti tu.

"Rangi yako ni ya nguvu," Hubert alisema. Labda alitaka kumfariji.

Walitafuta pembeni, kila mmoja upande wake, wakisogeza majani kwa fimbo. Hawakupata mfupa wala kiatu. Walipata kitambaa, kimeoza, ambacho kingeweza kuwa cha mtu yeyote. Hubert alikiangalia, akakiacha.

Mbonigaba alifungua usukani. Ulikuwa na sehemu mbili zilizolainika, pale mikono ya Floribert ilipokaa miaka miwili. Aliufunga ndani ya koti lake. Kisha, kwa mazoea tu, alifungua kapo. Injini haikuwepo. Boliti zilizoishika hazikuvunjwa, zilifunguliwa moja moja kwa funguo za saizi yake, na nyingine zilirudishwa kwenye matundu yake. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu asiye na haraka.

Usukani ulizikwa Buleusa, nyuma ya nyumba, ndani ya kaburi la urefu wa mtu. Mzee wa familia alisema na Floribert kwa lugha ya kwao, akimwita kwa jina ambalo Mbonigaba hakuwahi kulisikia, akimwambia njia imekwisha na aingie. Halafu katekista alisali. Léontine alitupa udongo wa kwanza. Alimpa Mbonigaba koleo, na Mbonigaba alifukia mpaka mwisho bila kumwachia mtu.

Alirudi Kingi akiwa mwepesi. Alikaza boliti. Alicheka na wateja. Hiyo ilidumu siku tano.

Siku ya sita, saa saba mchana, mluzi ulipanda kutoka bondeni.

Nilikuwa pale, nimepeleka baiskeli yangu. Nilimwona akiweka nyundo chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, na uso wake ukabadilika rangi. "Tumemzika," aliniambia. "Mwalimu, tumemzika. Sasa anataka nini?" Nami nilisikia injini ikienda zake huko chini, na nakiri kwamba nywele zilinisimama.

Emérita ndiye aliyetutoa hapo. Alitoka chumbani na kalenda ya parokia, ile ya ukutani yenye sikukuu za watakatifu. Alikuwa ametia msalaba wa kalamu kila siku aliyosikia mluzi, tangu ule wa kwanza. Aliitandaza juu ya pipa.

"Angalia. Hii Alhamisi. Hii Alhamisi. Hii, na hii. Haiko hata Jumapili moja." Alimtazama mumewe. "Mufu hajue kalenda. Kama ni Floribert, mbona anakuja Alhamisi tu?"

Alhamisi ndiyo siku magari yanapozunguka mabondeni kuchukua viazi na kabichi kwa soko la Ngungu la Ijumaa.

Juma lililofuata, Alhamisi, Mbonigaba aliteremka kilima kwa njia ya mkato, katikati ya mashamba, mpaka barabara ya chini. Emérita alimfuata. Hakutaka aende peke yake. Walikaa kwenye jiwe. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni, huoni hatua ishirini. Saa sita na nusu walisikia injini. Ya pili. Hewa katikati ya meno. Ya tatu. Emérita alimshika mkono, na Mbonigaba anasema vidole vyake vilikuwa baridi kama funguo za asubuhi.

Kilichotokea ukunguni ni pikapu nyeupe, mbovu, mlango mmoja mwekundu na mwingine wa kijani, imejaa kabichi. Mbonigaba alisimama katikati ya njia na mikono yote miwili juu. Pikapu ilisimama. Dereva alishusha kioo. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini hivi, mwenye kofia ya sufu.

"Papa, kuna nini? Njia imefungwa?"

"Hapana. Naomba unifungulie kapo."

"Wewe ni polisi?"

"Mi ni fundi. Naomba tu, ndugu yangu."

Kuna kitu kwenye uso wa Mbonigaba kilichomfanya yule mtu ashuke. Kapo ilifunguliwa, mvuke ukapanda. Mbonigaba alifuta culasse kwa shati lake. Mchomeleo ulikuwepo, umepinda kidogo kama yeye alivyoukumbuka, na pembeni yake M.

Dereva aliitwa Evode, mtu wa Ngungu. Aliketi nao kwenye nyasi. Alisema aliinunua injini ile kwa mtu wa vyuma vikuukuu, na yule mtu alisema ameinunua kwa wengine waliotoka msituni, na yule mtu mwenyewe alikimbia vita, hajulikani aliko. Jina la Floribert hakuwahi kulisikia. Emérita alimwangalia machoni muda wote alipokuwa akisema, na baadaye aliniambia, "Yule hajui kitu. Angejua ningeona."

"Mutanyang'anya injini yangu?" Evode aliuliza. "Hii njo inasomesha watoto wangu wanne."

Mbonigaba aliuliza, "Kwenye mulima murefu, na muzigo, inapata moto?"

"Siku zingine. Namwaga maji, inapoa."

"Isikilize vizuri," Mbonigaba alisema, na Emérita anasema alisema maneno hayo kama mtu anayesoma mbele ya padri. "Hiyo culasse iliiva. Mimi njo nilichomelea. Siku moja itasimama pahali pabaya na haitapoa. Usipakie hivi tena. Lete gari kwangu, nitaweka culasse ingine. Na kama huna nafasi ya kuleta, uza hii gari, nunua ile yenye uso mubaya."

Evode alilileta wiki mbili baadaye. Kabla ya kugusa kitu, Mbonigaba alipanda kilima ambapo simu inashika, akampigia Léontine, akamweleza injini imeonekana wapi na iko kwa nani, na kwamba kwa haki ni mali yake.

"Huyo Evode," Léontine aliuliza, "ni muntu wa namna gani?"

"Ni mubeba kabichi. Ana watoto wanne."

"Basi aendelee nayo. Mutengenezee vizuri." "Na umuambie kila kitu. Hata kitu kidogo, umuambie."

Mbonigaba alibadilisha culasse kwa siku tatu. Alipomaliza aliiwasha injini, akaipandisha barabarani, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipita laini. Mluzi ulikuwa umekwisha. Aliizima katikati ya njia, akashuka, akaenda nyuma ya garage, na hapo ndipo tulipomsikia akimlilia Floribert, kwa sauti, kama kwenye matanga ya siku ya kwanza. Hakuwa amemlilia. Miezi yote hiyo alikuwa na kitu cha kungojea, na sasa hakuna kilichobaki kupanda kutoka bondeni.

Bado yuko Kingi, na bado analinganisha magari. Kupaka rangi hapana. Anayetaka rangi anamtuma Masisi centre. Mnunuzi akimwuliza gari litafika, anajibu kwa nusu saa, anataja kila kasoro, mpaka wengine wanakata tamaa na kuondoka kwa miguu.

Evode siku hizi hupitia barabara ya juu Alhamisi ili kumsalimia. Siku nyingine Mbonigaba anatoka, anafungua kapo, anatazama maji, wanakunywa chai. Siku nyingine hawezi. Anamwambia Emérita aseme hayupo, na anabaki kimya chini ya gari la mtu, macho wazi. Evode anaona viatu vyake kabisa. Anaacha kabichi mbili mlangoni, anamuaga Mama Emérita, na kuondoka taratibu.